Goti la baba mkubwa wa Rwekaza

Safina, acha unachofanya usome.

Leo Rwekaza kaleta wazee wake hapa kijijini Kishanda kumposa Evelyne. Hata kahawa haijaisha, baba yake mkubwa akapandisha suruali. "Daktari, hebu niangalizie hili goti."

Goti, Safina.

Evelyne akadhani ni utani. Akamweleza kwamba PhD yake huko Poland ni ya historia ya Ulaya, Zama za Kati. Mzee akamgeukia Rwekaza: "Si ulituambia anasomea udaktari wa watu?"

Lile jitu likajibu mbele ya baba mkwe, "Ningewaambiaje kwamba anasoma habari za watawa waliokufa?" Kisha likamnong'oneza Evelyne, "Ungenyamaza tu, mpenzi. Nani angejua?"

Nani angejua! Mwenzake anahangaika na Kilatini kwenye baridi, yeye anamwonea aibu.

Evelyne hakulia. Alimwambia baba yake, "Taata, huyu simtaki."

Rwekaza akaenda kujifungia garini, akawa anapiga honi ili waondoke. Mzee wa goti hakuinuka. Alikuwa anamuuliza Evelyne hao watawa walikuwa wanalima nini.