Viazi Laini vya Mama Doreen

Jumatatu, 6 Oktoba
Pai nne, zote zimelowa chini. Mama Doreen kazitazama, kazitupa, kasema: tena. Miaka mitatu namwoshea sahani mgahawani kwake. Wiki tatu hizi ananifundisha kupika chakula cha kwao London. Pai ya nyama ya kusaga, viazi laini vya kuponda, mchuzi wa kijani. Magoti yake yamechoka, mwisho wa mwezi anahamia kwa bintiye Columbus. Jumamosi anawaita wateja wake sita wa zamani, waliohama South End, mtaa wetu hapa Louisville, ulipoanza kuongea Kiswahili na Kihispania. Wakimaliza sahani, mgahawa ni wangu. Wakibakiza, anampa muuza matairi wa jirani, naye anautaka. Nautaka. Nautaka mpaka aibu.

Jumatano, 8 Oktoba
Mchuzi umekubali. Nimeupeleka nyumbani. Hauna pilipili wala nyanya. Majani ya persil, yale yanayofanana na dania, unga na maji tu. Mke wangu kaonja kijiko kimoja. "Papa Neema, huyu mgonjwa anatoka hospitali lini?" Bon. Kachota kijiko cha pili, nimemwona.

Ijumaa, 10 Oktoba
Pai kumi, hata moja haikulowa! Nimeimba jikoni. Mama Doreen kaniomba ninyamaze. Naogopa kesho.

Jumamosi, 11 Oktoba
Hofu imenirudisha Bukavu. Nilishika mwiko, mikono ikasahau kwamba iko Louisville, ikasonga viazi kama bugali. Hata unga nilitia, sijui saa ngapi. Nilipozinduka, mwiko umesimama wenyewe. Viazi vingine hakuna, na wazee wameshakaa. Walter, dereva wa basi mstaafu, kachoma uma, uma ukanasa. "Doreen, umeanza kupika sementi?"

Donc, sikuwa na cha kupoteza. Nikaleta beseni, nikawanawisha mmoja mmoja, nikawaonyesha: mega, viringisha, bonyeza kwa kidole gumba, chota mchuzi. Walter kajaribu. Mchuzi hadi kidevuni. Kacheka, kamega tena. Wote wakafuata, wakichekana vidole vya kijani. Sahani zikabaki nyeupe.

Mama Doreen: "Hivi si viazi vyangu."
"Ndiyo, Mama."
Kamaliza vyake, kalamba kidole akidhani sioni. Kaweka funguo mezani. "Siku za kawaida, laini. Jumamosi, hivi."

Jumapili, 12 Oktoba
Baada ya ibada nimepita mgahawani. Sikupika. Nimefuta kaunta, ilikuwa safi tayari. Mtu akagonga kioo, akauliza kama mwenye mgahawa yupo. Nikageuka kumwita Mama Doreen. Nyuma yangu viti tu, na funguo mfukoni mwangu.