Mukono wa pili wa bibi arusi

Benite, acha chochote unafanya, unisome. Natoka saa hii kwa saluni ya Odette, pale Mutakura. Yule mwanamuke hana haya hata kidogo!

Unamujua Ingrid, yule mupya anajifunza kutengeneza kucha? Leo Odette alimuachia bibi arusi mumoja, akaenda kupiga porojo inje. Mutoto wa watu alianza na woga. Akapaka rangi, akafuta, akapaka tena. Kufika kidole cha tatu, hakufuta tena. Mukono wa kushoto ukaisha, kucha zote tano zimelingana, zinang'aa.

Mama mukwe wa bibi arusi akaingia. "Nani amefanya hii kazi muzuri?"

Odette akarudi mbio kutoka inje, na ule mudomo wake: "Ni mi. Huyu anafagiaga tu."

ANAFAGIAGA TU! Mbele ya Ingrid! Ingrid akainamisha kichwa, machozi yakamutoka.

Bibi arusi akamuangalia Odette kutoka juu mpaka chini. "Sawa, patronne, mwenye saluni. Basi malizia na ule wa kuume."

Benite, jasho lilimutoka! Rangi ikamwagika kwa ngozi, kidole kizima kikakuwa chekundu. Miaka kumi anajiita mwalimu!

Bibi arusi akavuta mukono, akaupeleka kwa Ingrid. "Tafazali dada, ondoa hii aibu."

Ingrid akafuta machozi, akamugeukia Odette, sauti imetulia kabisa: "Patronne, sogea kidogo. Unanizibia mwanga."

Na alisogea, Benite. Alisogea!