Mama Tabitha, juu ya ile magadi

Mama Tabitha,

Ni mimi. Nani mwingine angekuandikia na hii mwandiko ya kuku? Mwalimu wa darasa ya kanisa alisema herufi zangu zimelala kama walevi, ukacheka mpaka akakutoa nje. Basi ndiyo hizo hizo, hazijaamka. Na kwa sababu mimi Kipsigis yenu sijui kuandika, na wewe kwa Kimaragoli yetu ulijua matusi peke yake, nakuandikia kwa Kiswahili yetu ya shamba, ile tulikuwa tunaongea tukichuma pareto.

Kwanza habari za laini, hizi nyumba zetu za wafanyakazi, usiseme nimekuja na maneno bila salamu. Nyumba yenu ya zamani wamepatia Mkisii mmoja, ana bibi wawili na wote wanaimba, moja akianza hapa mwingine anajibu kule, hakuna kulala mchana. Ng'ombe yako nyekundu imezaa ndume. Baba Tabitha alinikasirikia kama ni mimi nimezaa. Bado hajaoa mwingine. Watu wanasema anapita sana kwa yule mjane wa karibu na dipu ya kuogesha ng'ombe, lakini mimi nimechunguza, alienda kuomba shoka tu. Alienda mara mbili, ndiyo, lakini mara ya pili alikuwa anarudisha. Mvua ilikuja mapema, viazi ikaoza ndani ya udongo, pareto nayo ikatoa maua mpaka magunia ikakosekana.

Sasa nikuambie ile imenifanya nitafute kalamu.

Niliugua, Mama Tabitha. Ile ugonjwa yako. Ilianza asubuhi moja, nikaamka macho imefura kama mtu amelia, na mimi sikuwa nimelia kitu. Jioni miguu ikajaa. Wanawake wa laini wakaanza kusema, Mama Zakayo unanona, Zakayo amepandishwa cheo huko reli nini? Na mimi nikafurahi. Nikafungua mshono wa ile rinda ya kijani, nikatembea polepole mbele ya watu ndiyo waone vizuri. Halafu siku moja nikiosha miguu nikabonyeza huu mfupa wa mbele na kidole, kidole ikaacha shimo, na shimo haikurudi. Nikakaa chini hapo kwa mawe. Hiyo shimo nilikuwa nimeiona kwa mguu wako.

Memsabu mwenye shamba akaniandikia barua ya ruhusa, nikapanda lori ya maziwa mpaka Molo, na gari moshi mpaka Nakuru. Zakayo akanipokea stesheni. Huko hospitali kuna dresa mmoja wa kutibu wagonjwa, mrefu, mtu wa Kisumu, mpole sana lakini hacheki. Alichukua mkojo yangu akaiweka kwa chupa nyembamba akachemsha juu ya moto kidogo, ikaganda nyeupe kama yai. Akasema, mama, figo yako inavuja, na maji imekataa kutoka. Wakanidunga sindano. Nilikojoa hiyo siku kama ng'ombe wa maonyesho, sioni haya kukuambia. Kila asubuhi wananisimamisha kwa mizani, na kila asubuhi ratili zinapungua, mpaka nikarudi kuwa yule mwembamba unayemjua. Chakula bila chumvi hata punje. Nilikaa wiki tatu.

Kitanda ya karibu yangu kulikuwa na mama wa Njoro, ugonjwa ni hii hii. Dada yake akaja siku ya wageni na mboga kwa sufuria, laini, kijani safi. Dresa akaangalia hiyo mboga, akauliza ndani kuna nini. Yule dada akasema, hakuna chumvi, tumesikia vile mlisema, ni magadi tu kidogo ya kulainisha. Dresa akaimwaga yote kwa debe ya takataka. Akasema, "Magadi ni chumvi. Jina ndiyo tofauti. Kwa figo ni kitu moja."

Nilijifunika blanketi nikageukia ukuta. Mama wa Njoro alidhani nalilia mboga yake.

Kwa sababu wewe uliporudi kutoka Nakuru na maneno ya kuacha chumvi, ni nani alikupikia? Ni mimi. Nilikuwa nakuja asubuhi kabla ya pareto na jioni baada ya pareto. Ile chumvi ya posho niliitoa kabisa ndani ya nyumba yako nikapeleka kwangu, usijaribiwe. Nilijisifu juu ya hiyo chumvi kwa laini yote. Na kila siku nilikuwa nachukua kipande ya magadi nasaga natia kwa mboga na kwa maharagwe, kwa sababu kwetu mboga bila magadi ni nyasi, mtu mgonjwa hawezi kumeza. Wewe ulikuwa unasema ni tamu, unaongeza. Nyinyi hata hamkuwa mnapika na magadi, ni mimi nilikuletea hiyo maneno tulipokuja kuishi karibu. Na ni mimi nikamfundisha Tabitha akiwa msichana.

Ukaanza kujaa tena. Na mimi nikasema umenona. Nilisema kanisani, nikasimama kabisa nikashukuru, nikawaambia watu mwangalie huyu mama alivyopona. Wewe ulikuwa umekaa pale umeshika kitambaa, unapumua kwa mdomo. Wote walipiga makofi. Hatukukurudisha hospitali kwa sababu nani anarudisha hospitali mtu amenona? Wiki ya pili baada ya hapo ukakufa.

Nimeandika.

Ukiniuliza kwa nini sikumwambia Tabitha mara moja nilipotoka hospitali, niliogopa tu. Unanijua. Mimi naeleza watu maneno kabla haijafanyika. Nilisema nyapara ataachwa na bibi yake, na bibi mwenyewe alikuwa bado hajajua. Lakini hii sikumpatia mtu hata mmoja.

Na Tabitha, mtoto wako, ameolewa na yule turniboi wa trekta, msaidizi wa dereva, anakaa nyumba ya sita kutoka kwangu. Aliposikia nimerudi na karatasi ya kuacha chumvi, alikuja bila kuitwa. Akafagia, akawasha moto, akaniambia, Mama, wewe ulimpikia mama yangu, sasa mimi nakupikia wewe. Hata hakuwa ananiita Mama Zakayo. Alikuwa ananiita Mama tu, tangu tulipokuzika. Halafu akatoa ule mkebe wa magadi kwa rafu yangu, akasaga, akatia. Vile nilimfundisha.

Na mimi nilikula.

Ningesema nini? Ningesema, Tabitha, usitie, magadi ni chumvi, angeuliza tangu lini. Angehesabu kurudi nyuma, na hakuna mahali pengine hiyo hesabu ingeishia, ni kwa sufuria yako tu. Nikasema moyoni, kidogo haiwezi kuniua, nitakula nusu. Lakini yeye anasimama hapo anaangalia nimalize.

Dresa alikuwa ameniagiza nipimwe kila Jumamosi, na ratili zikipanda tano nirudi mbio. Mizani ya karibu ni ile ya stoo ya pareto. Kwa hivyo Jumamosi, magunia ikiisha kupimwa, mimi napanda. Karani anasoma kwa sauti ile ile ya magunia, na laini yote inasikia. Jumamosi ya kwanza nimepanda ratili tatu. Wanawake wakapiga vigelegele. Mmoja akasema huyu tumfunge kamba kama gunia tumpeleke kiwandani. Tabitha ndiye alifurahi kuliko wote, alinishika mkono mpaka nyumbani. Jumamosi ya pili, nne tena. Karani akaangalia karatasi yangu akasema, mama, hapa imeandikwa tano, na wewe umefika saba. Nikamwambia mizani yako ni mbovu, hata pareto unatuibia. Watu wakacheka, na yeye akaandika saba yake. Maskini, kijana wa watu, alikuwa anasema ukweli.

Jumamosi ya tatu viatu ilikataa kuingia. Nilienda stoo miguu mitupu, nikapumzika njiani mara tatu. Na nikajisikia napumua kwa mdomo.

Kesho yake, baada ya kanisa, Tabitha alikuwa kwangu anachambua mboga ya managu, mkebe wa magadi wazi kando yake. Alikuwa ananieleza habari ya jirani, habari nzuri kabisa, siku nyingine ningekaa chini nisikie mpaka mwisho. Nikamkata katikati. Nikamwambia asitie. Nikamwambia magadi ni chumvi, na nilijua tangu hospitali.

Aliendelea kuchambua kidogo. Halafu akauliza, "Na ya mama?"

Nikasema, "Mimi ndiye nilitia. Kila siku, mpaka mwisho."

Akafunika mkebe. Akakung'uta majani kwa kanga yake, akasimama, akaenda. Moto aliacha ukiwaka.

Siku mbili sikumwona. Nilichemsha viazi kwa maji matupu nikala, na sikulia sana, kwa sababu nilikuwa nafikiria ni haki. Nilitaka kwenda kwake nikashindwa na miguu. Laini yote walijua kuna kitu, wakaja mmoja mmoja kuuliza, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nikawarudisha bila habari.

Siku ya tatu asubuhi nikasikia lori ya maziwa imesimama nje. Ni Tabitha. Alikuwa ameenda mwenyewe kwa memsabu kuomba barua ya ruhusa, yangu na yake. Hakunisalimia. Alinivalisha sweta, akanifunga miguu na vitambaa kwa sababu ya baridi, akanipandisha. Mpaka Molo alikaa ameshikilia zile barua mbili. Ndani ya gari moshi akageukia dirisha. Mimi, Mama Tabitha, nilikaa kutoka Molo mpaka Nakuru nimefunga mdomo. Ungekuwepo usingeamini.

Hospitali wakanilaza tena, sindano tena, mizani tena. Dresa alipokuja kunichemshia mkojo, Tabitha akamwuliza mbele yangu, hakunificha: mama yangu alikuwa hapa na ugonjwa hii, akapikiwa magadi nyumbani, je, magadi ndiyo ilimuua?

Yule mtu alifikiri. Hakumwangalia, aliangalia ule moto wake. Akasema, "Figo yake ilikuwa imeharibika kabla. Magadi ilileta maji haraka. Angeishi siku ngapi bila hiyo magadi, mimi sijui."

Nilimshukuru kwa hiyo sijui. Angeweza kunidanganya, nilikuwa nimelala pale natamani anidanganye. Tabitha akasema asante. Halafu akamwuliza, basi niambie kila kitu kingine ambacho watu hawajui ni chumvi. Na dresa akahesabu kwa vidole: magadi, ile poda ya kuumulia maandazi, samaki kavu ya ziwa, nyama ya mkebe. Tabitha akauliza tena kama ni hizo tu. Akarudia mwanzo mpaka mwisho kama mtu anakariri katekisimu.

Sasa ni yeye ananipikia. Mboga ngumu, chungu kama kwinini, maharagwe inachemka tangu asubuhi na bado inagonga meno. Nikikunja uso ananiangalia tu. Anasimama mpaka nimalize, kama zamani. Maji ilitoka, ratili zimerudi chini, na zimekaa chini hapo Jumamosi sita. Karani sasa akisoma namba yangu wanawake wananihurumia, wanasema masikini amekonda, na mimi nawaambia wapige vigelegele sasa, ndiyo wakati wenyewe. Nilimwomba karani msamaha mbele ya watu. Pareto bado nafikiri anatuibia, lakini hiyo ni maneno nyingine.

Tabitha hajasema amenisamehe. Hajasema hajanisamehe. Anakuja, anapika, anaosha sufuria, anaenda. Ananiita Mama Zakayo, kama watu wengine wote. Hiyo nasikia kila mara, inaniingia kama mwiba, lakini simwombi abadilishe.

Na wewe pia sikuombi kitu kwa barua. Hayo tutakaa chini tuongee tukionana, na usinikasirikie nikikuambia sina haraka.

Kuna moja sijakuambia. Tabitha ana mimba. Hajaniambia, hajaambia mtu, lakini mimi nina macho. Anakimbia harufu ya moshi, na amelegeza mkanda. Nitamwacha aseme mwenyewe siku akitaka. Hii habari laini haitaisikia kutoka kwangu, naapa, na unajua kiapo hiyo inanigharimu nini. Lakini mimi nimeona wewe, na nimejiona mimi, na sijui kama hii kitu inapita kwa damu. Basi hii ndiyo ahadi yangu. Kila asubuhi nitatoka nje mapema akienda kuchota maji, nijifanye nafagia, nimwangalie uso na miguu. Siku moja tu nikiona amejaa, wengine watasema amenona. Mimi nitasema hapo hapo, kwa sauti, mbele ya kila mtu, twende Nakuru. Hata kama hataki kunisikia. Hata kama siku hiyo ndiyo alikuwa karibu kuniita Mama.

Pumzika, rafiki yangu. Naenda kula mboga yangu, mtoto wako amefika.

Ni mimi jirani yako,
Mama Zakayo