Karatasi Iliyo Kwenye Kiti Chako

Ni mwaka mmoja sasa tangu utoke nyumbani na mfuko wako mdogo, mzee wangu, na mimi sijalia hata siku moja. Hivyo ndivyo tunavyowaambia majirani. Nililia mara moja, na ilikuwa kwa ajili ya sufuria niliyoiunguza. Kwako wewe bado. Naamka, nafagia, nachemsha chai ya watu wawili, nakunywa vikombe vyote viwili. Nangoja kidonda kiume, hakiumi. Nimekufa ganzi mwili mzima, kama mguu uliokaliwa.

Kwa wasiokujua: miaka thelathini na mmoja ulikuwa mtunza ghala wa makumbusho. Wengine walichimba, wakapigwa picha, wakaenda zao. Wewe ukabaki na vigae vya vyungu vilivyovunjika kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa. Uliviosha kwa mswaki, ukavianika, ukaviandikia namba ndogo kama miguu ya sisimizi. Ukiulizwa vina faida gani, ulijibu, "Havina haraka."

Nisamehe tena kwa ile rangi ya kucha. Mke gani akute kichupa mfukoni mwa mumewe anyamaze? Nilikufuata hadi ghalani nimejifunga kibwebwe, na mdogo wako nyuma yangu awe shahidi. Nikakukuta umeinama, unapaka kila kigae tone moja, namba iandikwe juu ya tone, ili siku moja iweze kufutwa bila kukiumiza kigae. Ukauliza nimefuata nini. Nikasema nimekuletea chakula. Ukaitazama mikono yangu mitupu, ukasema, "Asante, nimeshiba." Hukulitaja tena maisha yako yote. Ulikuwa mpole wa namna hiyo.

Na ile sheria yako ya karatasi. Kitu kikitoka kwenye rafu, mahali pake panawekwa karatasi: ni kitu gani, nani kakichukua, kitarudi lini. Siku ya kurudi ikiwa ya hakika, unaandika kwa wino. Ikiwa ya kubahatisha, penseli. Na karatasi haiondolewi mpaka kitu kirudi, hata ipite miaka. Sheria hiyo ukatuletea nyumbani. Redio ikienda kwa fundi, mezani inakaa karatasi. Meno yangu ya bandia yalipokwenda kurekebishwa, nilikuta karatasi ndani ya glasi: "Meno. Yatarudi Alhamisi." Kwa wino. Alhamisi yakarudi.

Asubuhi ile uliweka karatasi kwenye kiti chako. "Mume. Kachukuliwa na hospitali. Atarudi Jumatano." Ukaniambia daktari kasema ni siku tatu tu, nisihangaike kukusindikiza, mapazia yameshalowekwa. Nikasema haya, nenda. Ukatoka ukijiona mjanja. Nikafua mapazia. Yalikuwa hayajakauka sawasawa hospitali walipopiga simu.

Jumapili iliyopita tulikusanyika. Mdogo wako akasema mwaka umetimia, karatasi itolewe, kiti kikaliwe.

"Shemeji, hapa si makumbusho," akasema.

"Ndiyo maana wewe hatujakupa namba," nikamwambia. "Karatasi haitoki."

Tukabishana mpaka chai ikapoa. Basi tukamwomba atuamulie yule mama aliyeshika nafasi yako ghalani, uliyemfundisha kazi mwenyewe. Akakisogelea kiti, mikono nyuma, kama ulivyomzoesha. Akainama. Akayasoma maandishi neno kwa neno.

"Haitoki," akasema. "Kitu hakijarudi." Kisha akaniangalia. "Lakini mama, hii Jumatano ni ya penseli."

Mdogo wako akatafuta kigoda akaketi.

"Kwa hiyo baba alijua," binti yetu akasema taratibu. "Alijua huenda harudi, akakwambia siku tatu. Na wewe mama, hukuiona hiyo penseli siku ile? Hukuiona, ukamwacha aende peke yake?"

"Sikuiona," nikasema. "Macho ya kizee haya, yataiona wapi penseli?"

"Leo asubuhi umenisomea namba ndogo aliyoiandika baba chini ya kikombe chake," akasema. "Bila miwani."

Nikaenda kuchemsha chai nyingine.

Hatutakusahau siku yoyote ya juma, na Jumatano zaidi: binti yako, anayeniandikia haya na kunitazama kwa jicho la pembeni; mwanao fundi bomba, aliyeziandikia karatasi spana zake zote; mdogo wako, ambaye sasa anakuja na kigoda chake; wajukuu wako wanne; wenzako wa ghalani; na mimi mkeo, ambaye hakuona kitu.