Tangi Lililong'aa

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umepunguza kukusumbua, na wifi amekwisha kukusamehe kwa kumuunguzia gauni kwa pasi. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio hauna raha, na ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza kwa mizaha yako, nami ningepata pa kukwepea.

Nadhani nilikuambia kwamba kiwandani wamenitoa kwenye chumba cha kung'arisha vitasa, wakanipeleka nyuma kwenye matangi ya maji machafu. Vitasa vyetu huchovywa kwenye maji ya shaba yenye sianidi, sumu isiyo na mchezo, na maji ya kuvisuuzia hayawezi kuachwa yaende mtoni hivihivi. Zamani sumu hiyo ilimalizwa kwa klorini. Mwaka huu amekuja mtaalamu, mama mmoja mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, akaleta vimeng'enya. Alinieleza kuwa ni jamaa wa vile vinavyosaga chakula tumboni mwetu, ila hivi kazi yao ni kuivunjavunja sianidi mpaka isidhuru kitu. Vimegandishwa kwenye punje ndogo kama dengu, zimejaa tangi, na maji hupita katikati yake polepole.

Nilizipenda zile punje, kaka. Lakini zilikuwa na utelezi, na kuta za tangi zilikuwa zimeota ukoko wa kijani. Unanijua. Wewe ndiye uliyenipachika jina la Bi Usafi siku nilipoisugua sufuria ya mama mpaka ikatoboka. Mtaalamu alinionya kuwa tangi lile huoshwa kwa maji matupu, basi. Nikaitikia.

Ijumaa ile msimamizi alitangaza kwamba kesho yake tutapata wageni wa ukaguzi. Mtaalamu alikuwa safarini. Nikautazama ule ukoko, nikaona aibu kana kwamba wageni wanakuja kwangu na sijafagia. Dumu la klorini lilikuwa bado liko stoo. Nikamimina, nikasugua, nikasuuza. Tangi likang'aa. Wageni walilisifu, msimamizi akanipongeza mbele ya watu, nami nikavimba kichwa.

Jumapili ukapiga simu kwamba samaki wote wa bwawa lako, linalojazwa na mto huohuo unaopita kiwandani kwetu, wanaelea. Ukasema ni jirani yako seremala, amemwaga dawa yake ya mchwa mferejini. Nilikuambia msiwale, wala msitumie maji ya mto, ukanisifu kwa akili. Tangu hapo nasikia hamsalimiani, wifi amekatazwa kwenda kwa mke wa seremala, na wiki ijayo unampeleka mahakamani.

Kaka, seremala hana kosa. Klorini ndiyo iliyoviharibu vimeng'enya, na aliyeimimina ni mimi. Hilo ningeweza kuliita ujinga. Lililobaki siwezi. Jumamosi asubuhi, kabla ya wageni, nilichovya kikaratasi cha kupimia kikageuka bluu, rangi ya hatari. Nikajiambia vikaratasi vimepata unyevu. Nikaandika daftarini kipimo cha Ijumaa, nikafungua koki ya kuyaachia maji yaende mtoni. Maji yalikuwa maangavu, ungeweza kuyatamani. Na ulipokata simu ile, nilikimbia kiwandani kuifunga koki, nikawaambia wenzangu imeharibika. Nilijua, kaka. Nikakuacha umchukie jirani yako.

Jana nilimweleza mtaalamu yote, maana alikuwa amekwisha kuanza kujilaumu. Hakunigombeza. Alivua miwani akaomba daftari. Punje mpya zimewekwa, na maji ya leo yamepimwa salama, ila msitumie yenu mpaka waje kuyapima huko. Kazi yangu sijui itaishia wapi, na samaki wako sina cha kuwarudisha. Naona haya kukuandikia haya.

Nimeambatanisha nakala ya ukurasa ule wa daftari. Kipimo cha kweli nimekiandika chini kwa wino mwekundu, na sahihi yangu. Usinijibu kwanza. Ichukue karatasi hiyo uende kwa seremala, umsomee mbele ya mkewe, taratibu, hadi kwenye jina langu.

Nisalimie wifi na watoto. Waambie shangazi yao anawakumbuka.

Ni mimi mdogo wako, uliyekuwa ukimwita Bi Usafi.