Maharage ya Chupa ya Chai

Jumatatu, 4 Machi

Kwa furaha kubwa na tumbo tupu, natangaza rasmi: chumba chetu kina jiko! Uzinduzi umefanyika leo juu ya ndoo iliyopinduliwa. Wageni waalikwa – sisi watatu na mjusi wa dirishani. Hotuba nilikuwa nayo, lakini maji yalichemka kabla sijakohoa.

Jiko lenyewe ni birika la umeme na chupa ya chai. Basi. Birika ni la Injinia. Alilikuta limetupwa nyuma ya maabara, maiti kabisa, akalifufua kwa waya wa redio. Chupa ni ya mama yangu. Kifuniko kimepasuka, ila inatunza moto kuliko watu wengi wanavyotunza siri.

Utaratibu: dengu ndani ya chupa, maji ya moto juu yake, chumvi, funga, zungushia blanketi, nenda darasani. Ukirudi – chakula! Hakuna moshi, hakuna harufu. Hata panya hana habari.

Kupika vyumbani ni marufuku. Patroni wa bweni amebandika tangazo: atakayekutwa na jiko atatolewa siku hiyohiyo. Tangazo linasema jiko. Chupa halikuitaja. Nimelisoma vizuri.

Dengu zimeiva. Mchungaji akasema tuombe kwanza. Si mchungaji wa kweli, anasoma uhasibu kama mimi. Jina kalipata kwa sala yake ndefu ya chakula, ambayo hukirudisha chakula sokoni. Zamani kilipoa. Sasa kimo ndani ya chupa – aombe mpaka achoke.

Jumatano, 6 Machi

Wali wa chupa. Mayai ya birika. Tunaishi kama watu.

Kazi zimejigawa zenyewe. Mimi napika. Injinia anatengeneza, maana birika hufa kila baada ya siku mbili. Mchungaji anaosha. Hatukumpangia. Hawezi kulala chombo kikiwa kichafu, hata cha mwenzake. Anafunga kitambaa kwenye mpini wa mswaki wa zamani, anauingiza kwenye chupa, anasugua huku anaimba nyimbo za kanisani. Bila wimbo hasugui.

Injinia kamwambia akifa atapewa kazi ya kuosha sahani za malaika.

– Heri yangu, akasema Mchungaji. Wewe utakuwa ndani ya birika.

Nimecheka mpaka wali ukatokea puani. Hasara. Ulikuwa wali mzuri.

Ijumaa, 8 Machi

Shangazi wa kantini ametunasa bombani. Wote tunamwita Shangazi, hata walimu. Akatuuliza kama tumemsusa, maana wiki nzima hajatuona. Injinia akasema tumefunga.

– Kufunga gani wewe, na punje ya wali imelala kwenye ndevu!

Injinia akaifuta. Ilikuwepo kweli.

Hakukasirika. Alijua ni bei iliyopanda. Bei hapangi yeye, anapangiwa, na anayesutwa ni yeye. Akaingiza mkono kwenye kanga akatoa kifurushi cha ukoko, bado wa moto. Kampa Mchungaji. Anampa tangu mwaka wa kwanza, eti huyu ni mwembamba kama risiti. Tena ana mtihani Alhamisi, asije akaanguka.

Kweli ana mtihani. Takwimu. Alifeli mwaka jana. Akifeli tena anarudi kwao moja kwa moja, hakuna mara ya tatu. Ili arudie mwaka, dada yake ameuza cherehani. Dada ni fundi nguo. Fundi nguo bila cherehani – sitaki kumalizia sentensi hii.

Jumapili, 10 Machi

Umaarufu! Majirani wa mkono wa kulia wamekuja kujifunza. Bonge na mwenzake, yule mwenye chunusi. Wamekaa kitandani kwangu na adabu zao zote. Nimefundisha kama profesa, mkono mmoja mfukoni. Bonge akauliza kama njia hii inafaa kwa kila kitu. Nikajibu: kila kitu.

Nani alinituma.

Kama ada ya masomo wameleta mfuko wa maharage mekundu. Mazuri, yanang'aa kama viatu vya mkaguzi. Wao wamebaki na mfuko kama huo.

Jumanne, 12 Machi

Dada yake Mchungaji kapiga simu. Sauti yake ilisikika chumba kizima. Mdogo wangu, umekula? Mdogo wangu, usisome na njaa. Mchungaji alikuwa anasema ndiyo dada, ndiyo dada, huku amegeukia ukutani.

Nikaamua: asubuhi ya mtihani atakula maharage. Maharage yanakaa tumboni, hayamwachi mtu katikati ya swali.

Nikampigia mama kuulizia. Mama akasema maharage hayataki mzaha, yanataka moto, yatokote hasa. Akauliza kama huku nina jiko. Nikasema lipo, mama. Si nililizindua mwenyewe?

Nimeyaloweka leo. Kesho jioni, birika na chupa. Blanketi mbili badala ya moja. Huo ndio moto wangu.

Alhamisi, 14 Machi

Naandika mchana.

Asubuhi nilifungua chupa. Mchuzi mwekundu, harufu nzuri. Nikaonja punje moja. Nje laini, ndani kama chaki. Mama angeyarudisha jikoni. Sikuwa na jikoni. Nikasema yameiva kisasa.

Injinia alichelewa kuamka, akachukua mkate akakimbia. Mchungaji alisali, safari hii sala fupi, kwa sababu ya muda. Akala bakuli zima. Akaniambia yana nguvu, yanapigana na meno. Nikamwongezea.

Mimi nilikula vijiko viwili. Nilisema sina njaa. Njaa nilikuwa nayo. Sikuyapenda tu.

Bakuli akaliosha. Chupa akaiacha chini ya kitanda, kwa kuwa ndani yalibaki machache ya jioni.

Ukumbini alikaa mbele yangu. Nilikuwa naona shingo yake. Mwanzoni ilikuwa shingo ya kawaida. Baadaye ikaanza kung'aa jasho. Akashika meza. Akanyoosha mkono, msimamizi akadhani anaomba karatasi, akamletea karatasi. Akatapika juu yake. Akatapika tena juu ya ile ya majibu. Watu wakasogeza viti. Walimtoa wamemshika makwapa, miguu inaburuta.

Kwenye karatasi yake palikuwa na namba yake na nusu ya swali la kwanza. Niliiona wakati wanaiokota kwa ncha za vidole.

Mimi tumbo lilinisokota kidogo tu. Nilimaliza mtihani. Nadhani nimefaulu.

Ijumaa, 15 Machi

Zahanati ya chuo. Mchungaji amelala na dripu mkononi, midomo imekauka. Vitanda viwili pembeni yake – Bonge na yule mwenye chunusi. Wao walikula jana mchana. Walifuata mafundisho yangu bila kuacha hata hatua moja. Wanafunzi wazuri.

Nesi anaongea huku anabadilisha dripu, haongei na mtu maalumu. Anasema inaonekana kama maharage mekundu. Yasipotokota sawasawa yana sumu, na moto wa kubembeleza huyazidishia ukali. Eti yupo mtu mahali kapika maharage kama anaogesha mtoto mchanga.

Nilikuwa nimeshika machungwa. Niliendelea kuyashika.

Daktari akaingia na kalamu, akamuuliza Mchungaji alikula wapi. Nikajua yamekwisha. Mchungaji ni mtu aliyewahi kumrudia konda kumwambia hajalipa. Nikaanza kupanga nguo zangu kichwani, nitazihamishia kwa nani.

– Kantini, akasema Mchungaji.

Hakuniangalia. Daktari akawageukia wale wawili. Na wao, kantini. Akaandika.

Mimi nikamenya chungwa. Hakuna aliyelitaka.

Jumamosi, 16 Machi

Kantini imefungwa. Kufuli jipya, karatasi mlangoni: hadi uchunguzi ukamilike. Kumbe Alhamisi kweli walipika maharage, kama kila Alhamisi. Ya kwao yalitokota tangu alfajiri. Masufuria yamechukuliwa yakapimwe. Wanafunzi wamesimama nje wanalaani – baadhi yao hawajala pale tangu bei ipande.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye kreti la soda, kanga imefungwa vizuri kama mtu anayengoja basi. Nikapita mbali. Akaniona. Akaniita mwanangu.

Aliuliza mgonjwa anaendeleaje. Nikasema anakunywa maji. Akashukuru Mungu. Halafu akasema, polepole, kwamba maharage yake ana uhakika nayo, anayajua. Lakini Jumatano jioni alimpa yule kijana ukoko. Ulikuwa umelala kidogo. Labda ni ukoko.

– Mwambie anisamehe, mwanangu. Nilidhani namsaidia.

Nikasema nitamwambia.

Jumapili, 17 Machi

Mchungaji karudi. Suruali inamshuka. Injinia kampisha kitanda cha chini.

Nikamweleza habari ya ukoko. Alifumba macho muda mrefu. Nikadhani anasali. Alikuwa anahesabu tu, kama mhasibu. Akasema ikiwa ni kantini, kosa ni la chuo, na chuo kitampa mtihani maalumu. Ikiwa ni chupa, kajitakia mwenyewe, mtihani hakuna, na mimi na Injinia tunatolewa bwenini. Akasema dada hana cherehani nyingine ya kuuza.

Nikasema Shangazi naye hana kantini nyingine. Kesho mchana Patroni na kamati ya chakula wanaamua kama abaki au aondoke. Nimesikia ofisini wanasema hakuna haja ya kusubiri masufuria, wagonjwa watatu wanatosha.

Injinia akanijia juu. Kwamba mimi ndiye niliyemtapisha mtu, sasa nataka nimfukuzishe na chuo, ili nilale vizuri? Niuchune, nifunge mdomo. Tena birika kashalitupa, waya mbali na bati mbali. Nikasema ninaweza kwenda peke yangu, niseme ni mimi tu. Akacheka bila kufurahi. Uliyapika peke yako, akasema, lakini yaliliwa na nani? Na mjusi?



Tukala mkate mkavu kwa maji. Mchungaji akachukua kipande chake akakitia mdomoni. Akatafuna. Ilinichukua muda kuelewa kilichopungua. Hakusali.

Jumatatu, 18 Machi

Naandika kwenye benchi nje ya ofisi ya Patroni. Kamati inakaa mchana huu. Nimewahi.

Asubuhi niliamka nimeamua. Nikavuta chupa chini ya kitanda, haijaguswa tangu Alhamisi, nikaitia kwenye mfuko bila kuitazama. Injinia alikuwa amelala. Mchungaji alikuwa amegeukia ukutani. Nikaaga kwa kufunga mlango taratibu.

Nimejitungia maneno. Sasa hivi nimeyarudia kimyakimya: Patroni, maharage ni yangu, chupa ni ya mama, waliokula hawakujua. Hapo naiweka chupa mezani, naifungua. Masalia yale chini, mekundu, magumu bado. Wapeleke wakapime, waone wenyewe. Maneno yangu mtu anaweza kuyakataa. Harufu ya siku nne hakatai mtu.

Karani kaniuliza shida yangu. Nikasema ni ya chakula. Akaniambia nikae.

Nimefungua kifuniko kidogo, kujipa moyo.

Haina kitu. Safi. Kioo kinang'aa hadi chini, naona jicho langu. Inanuka sabuni.

Kaiosha. Usiku wote nilikuwa chumbani na sikusikia chochote. Kumbe ameosha bila kuimba.

Nimeifunga tena. Mdomo bado ninao, maneno yapo palepale, hakuna aliyeyaosha. Ila mikono imekuwa miepesi ghafla, na wepesi huo siupendi. Ningeweza kusimama sasa nikaondoka. Mtu mwenye chupa tupu ya chai, nani atamuuliza.

Kupitia dirisha la korido namwona Shangazi. Anakuja, kavaa nguo za kwenda kanisani. Mkononi ana kifurushi. Ataniuliza kama nilimwambia Mchungaji amsamehe.

Nimemuuliza karani kama naweza kuingia kabla ya mama huyu. Akasema Patroni hayupo, amekwenda kula. Kantini imefungwa, kwa hiyo atachelewa kurudi.