Waya wa Spika ya Katikati

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha mbele.
Jumatano, tarehe 12 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Wifi yangu hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule, na hiyo baridi yenu isiyokwisha? Sisi huku tu wazima. Goti langu la kushoto bado linatabiri mvua, na mara nyingi linapatia kuliko redio. Baba naye ni mzima, ila habari yake ndiyo iliyonikalisha kitini niandike, nawe utaikuta mbele kwa zamu yake. Usirukie mwisho. Nakujua.

Pesa ulizotuma ili Baba anunuliwe seti ya sinema ya nyumbani, spika tano na sabufa, lile spika kubwa la besi, zilifika zote. Nasema zote kwa sababu nilizisimamia mwenyewe. Shemeji yetu, mume wa dada yetu wa kati, alijitolea kunisaidia kubeba mzigo, na aliponitajia duka lile lile mara tatu kabla chai haijapoa, nikajua kuna jambo. Mtu asiyewahi kuniletea hata kiberiti, bidii hiyo kaitoa wapi? Kwa hiyo duka lake nililiweka la mwisho.

Ndugu yangu, watu wanaibiwa mchana na bado wanasema asante. Boksi limeandikwa wati elfu moja na mia mbili, kwa herufi za ukubwa wa kiganja. Ligeuze sasa usome kibandiko kidogo cha nyuma, pale waya wa umeme unapoingilia: wati sitini. Hizo nyingine ziko wapi, kwa jirani? Nilimuuliza muuzaji wa duka la kwanza. Akanijibu, "Zile ni wati za muziki, mama, si za umeme." Nikamwambia nimesahihisha vitabu vya fizikia pale kiwanda cha uchapaji miaka kumi na tisa, na bado sijakutana na wati inayojua kuimba.

Duka la pili lilikuwa na bei nzuri, na bei nzuri hunitia homa. Nilizinyanyua spika mbili za nyuma, nyepesi kama maganda ya mayai. Nilikuwa na bisibisi mkobani. Nikafungua moja pale pale kaunta: ndani mlikuwa na waya uliofungwa fundo, na hewa. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, lakini hili hata kuvuma lilishindwa. Waliniomba nitoke. Nilitoka, baada ya kuwaeleza wateja wote waliokuwa kwenye foleni.

Usidhani ni ukali wa bure. Sijasahau ulichoniambia mwaka jana, kwamba Baba amekukasirikia. Kwamba tangu Mama afariki, ukipiga simu anakusalimu, anacheka kidogo, kisha "Haya, ongea na dada yako," na simu inarudi kwangu. Uliona anakulaumu kwa kutofika mazikoni. Nilikubishia kwa mdomo, lakini moyoni nilikuwa nimeshaamini. Basi nilijua unachonunua hapa ni radhi, wala si sinema, na radhi haifai kununuliwa kama mbuzi kwenye gunia.

Ndiyo maana duka la tatu, lile la shemeji, nilikwenda na Baba mwenyewe. Unamkumbuka pale ukumbini, miaka thelathini na moja akiendesha mashine ya sinema. Kabla ya kufungua milango alisimama safu ya nyuma kabisa, msaidizi wake akisema maneno kwa sauti ya chini karibu na pazia. Neno moja lisipofika, milango haifunguliwi, hata watu wagonge namna gani. Nani wa kumdanganya mtu huyo kuhusu sauti?

Muuzaji alikuwa na tabasamu refu. Nilimpa jina hapo hapo, Tabasamu. Akamkaribisha Baba kwenye kochi, akawasha filamu ya watu wanaogombana jikoni, akaanza kusifu: spika hii ya katikati ndiyo inayobeba maneno, Mzee, sikiliza yalivyo wazi. Baba akaegemea, kiganja chake kikiwa juu ya sabufa. Tabasamu alipogeuka kumhudumia mteja mwingine, nami nikapenyeza mkono nyuma ya amplifaya nikauchomoa waya wa hiyo spika ya katikati. Nilitaka arudi aendelee kusifu maneno yasiyotoka, nimshike peupe.

Alirudi, akasimama, tabasamu likakatika. "Samahani, mbona maneno hayatoki?"

Kabla sijafungua mdomo, Baba akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hii ndiyo yenyewe," alisema. "Maneno yanatoka safi kabisa. Lipa, mwanangu, twende."

Kwenye kioo wale watu walikuwa wakifunua midomo tu, na ngurumo ya besi chini yao.

Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Tabasamu aliniangalia, akauona waya mkononi mwangu. Aliuchomeka taratibu, akamwambia Baba seti hii ni kubwa mno kwa chumba chake. Kisha akanisindikiza mlangoni. "Dada, usinunue. Babu yangu alikuwa hivyo hivyo. Mpeleke kwa daktari wa masikio kwanza, yuko mmoja hapo jirani." Nakiri kwamba hata hapo nilijiuliza huyo daktari anamlipa ngapi. Sikwenda kwa daktari aliyemtaja. Nilitafuta mwingine.

Kumpeleka Baba kulinichukua siku tisa za mabishano. Mwishoni nilimwambia, "Wewe hukuwahi kufungua milango kabla ya kuijaribu mashine."

"Kwa hiyo mashine ni mimi?"

"Ni wewe."

Akacheka, akaomba viatu vyake.

Daktari anasema masikio yamepungua kwa miaka mingi. Hapo ndipo nilipokumbuka Mama alivyokaa pembeni yake kila siku, akirudia kila neno letu: baba yenu, mtoto anasema hivi, mgeni anauliza vile. Tulidhani ni mazoea ya wazee. Kumbe alikuwa masikio yake, na tulimzika nayo tusijue. Njiani kurudi Baba alinieleza kitu ambacho bado kinanichoma: "Nilidhani tangu mama yenu aondoke mmeanza kunong'ona, ili nisijue mnachopanga kuhusu nyumba." Miezi yote hiyo, mimi namshuku kila mtu mjini, naye amekaa chumba hiki hiki akinishuku mimi.

Basi uamuzi nimeufanya bila kukuuliza, na ukitaka kugombana niko tayari. Pesa zako zimenunua vifaa vya kusikia, kimoja kila sikio, baada ya kulinganisha bei sehemu nne na kumchosha kila aliyekuwa zamu. Zilizobaki zimenunua spika mbili za kawaida, kwa Tabasamu. Ndiyo, nilizifungua kwanza. Alinishikia kurunzi mwenyewe. Shemeji bado namchunguza.

Hukuwahi kukasirikiwa. Alikuwa hasikii unachosema, akaona aibu kukuambia urudie.

Msalimie sana wifi. Wabusu watoto, uwaambie shangazi yao anataka barua za mkono, si picha za vidole gumba. Dada yetu wa kati na mumewe wanakusalimu, yeye kwa moyo, mumewe sijui kwa nia gani. Mungu akukinge na kila lililo baya, hata lenye boksi zuri.

Piga Jumapili asubuhi. Simu nimeihamishia kwenye stuli karibu na kiti cha Baba, upande wa sikio lake la kulia. Iache iite, kwa maana sitaipokea mimi.

Ni mimi, dada yako mkali, nikupendaye bila shaka yoyote.